Sange na Sheria ya Mtumbwi wa Mwisho

Hadithi iko ng'ambo!

— Ivushe!

Niivushe na nani?

— Na sisi!

Na huyo wa mwisho pale nyuma, mbona sijamsikia? Amelala? Mwamsheni, mwamsheni upesi, maana hadithi yenyewe ni ya wa mwisho, na wa mwisho asiyejibu… haya, msinifanye niseme kabla ya wakati. Hadithi iko ng'ambo!

— Ivushe!

Basi zamani ile, wanyama walipokuwa bado wanaazima vitu vya watu bila kuomba, palikuwa na ziwa, ziwa pana, ukisimama huku huoni kule. Kando yake waliishi wavuvi wa dagaa. Na wavuvi wa dagaa mnawajua. Usiku wa giza wako majini na karabai zao, dagaa wanaifuata taa kama watoto wanavyoifuata ngoma ya harusi. Lakini mwezi ukipevuka dagaa hawadanganyiki tena, kwa nini wakimbilie kijitaa cha mafuta na juu kuna taa ya Mungu? Siku hizo wavuvi huilaza mitumbwi mchangani, hushona nyavu zao, hula, hulala.

Na wavuvi wakilala, wanyama huamka.

Kila mwezi mpevu waliishusha mitumbwi ile majini, suu, suu, suu, wakapanda, wakapiga kafi mpaka katikati ya ziwa. Hawakwenda kuvua. Hawakwenda kuvuka. Walikwenda kuwaonyesha watoto mwezi. Kila mtoto aliyezaliwa karibuni, mama yake alimnyanyua pale katikati, mwezi ukiwa utosini, akalitaja jina lake kwa sauti, na wote wakaliitikia. Jina lililoitikiwa pale ndilo jina. Jina la kutajwa shimoni, mama na mtoto peke yao, lile ni kelele tu.

Msiseme jina ni jambo dogo. Kwenye mti mkavu kando ya ziwa alikaa Hondohondo, ndege mlinzi, mdomo wake kama panga. Mwewe akitokea angani, Hondohondo aliita watoto jina kwa jina, na kila aliyesikia jina lake alikimbilia shimoni. Asiye na jina haitwi. Ataitwaje? Dada yake Sange alikuwa na mtoto ambaye hakupelekwa ziwani. Sasa dada yake Sange hana mtoto.

Lakini hakuna asali isiyo na nyuki. Ziwani alikuwamo Mamba.

Mamba huyu alikuwa mkubwa, jamani, mkubwa wa kutisha, pua yake ikiwa imeshatokeza huku, mkia bado unakuja kule. Zamani alimkamata yeyote, popote, mpaka wanyama wakaacha kwenda ziwani na njaa ikamshika yeye. Akaitisha mkutano. Akalia kidogo, mnajua anavyolia.

"Ndugu zangu," akasema, "tusiishi kama hatuna akili. Tuwe na sheria. Njooni na mitumbwi yenu, waonyesheni watoto mwezi, mimi sitamgusa mtu. Ila mkirudi, wa mwisho ni wangu. Mmoja tu. Wa mwisho."

Wanyama wakatazamana. Nyani akasema moyoni, mimi huwa wa kwanza. Ngiri akasema moyoni, mimi si wa mwisho. Kila mmoja akamwangalia jirani yake, akaiona ile mikono yake mifupi, akasema, "Tunakubali!" Sheria ikapita.

Tangu siku hiyo Mamba hakuwinda tena. Awinde nini, na chakula kinamjia chenyewe, tena kinaimba? Mwezi uliopita alikuwa Mama Digidigi. Asubuhi lilionekana kafi lake likielea, hapa, pale, hapa, pale, peke yake.

Sasa Sange. Sange mnamjua? Kijinyama kama panya, miguu kama njiti, pua ndefu kama mrija wa kunywea togwa, na pua hiyo haitulii, inacheza, inacheza, kwa kuwa mwenyewe ni mwoga. Huyu Sange ninayemsema alikuwa mama mchanga, mtoto wake wa kwanza ana siku kumi na mbili, na tangu amzae alikuwa halali. Kivuli cha jani, anashtuka. Upepo, anashtuka. Mtoto akipiga chafya anamwangalia mkiani, mtoto asipopiga chafya anamwangalia puani, mbona kimya? Aliifagia njia yake ya kukimbilia mara nne kwa siku, isiwe na hata kijiti cha kumkwaza. Na usiku alilala macho wazi, akiwaza. Nimwache bila jina, mwewe. Nimpeleke ziwani, Mamba. Nimwache, mwewe. Nimpeleke, Mamba. Aliwaza hivyo mpaka dunia ikawa nyembamba kama uzi, huku shimo, huku shimo.

Jioni ya mwezi mpevu mtoto alikuwa akicheza. Karibu na shimo lao palikuwa na kichuguu, na mtoto alipenda kuukimbiza mkia wa mama yake kukizunguka kichuguu hicho. Sange hakuwa na hamu ya mchezo, lakini utamwambia nini mtoto? Akakimbia polepole, mtoto nyuma. Tiki-tiki-tiki, wakazunguka. Tiki-tiki-tiki, wakazunguka. Mara Sange akaona mkia mbele yake. Kamkia kadogo. Akasimama ghafla.

"He!" akasema. "Mimi nilikuwa mbele yake. Sasa yeye yuko mbele yangu. Na hakuna aliyempita mwenzake!"

Pua ikamcheza kushoto, ikamcheza kulia, kisha, kwa mara ya kwanza katika siku kumi na mbili, ikatulia. Sange akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni kwa jani la mgomba, akashuka ziwani.

Pwani walikuwapo tayari. Nyani, nahodha, kifua mbele, kwenye mtumbwi mrefu kuliko yote. Mama Ngiri na watoto wake wanne. Nungunungu mzee, peke yake, maana nani akae naye mtumbwi mmoja na miiba ile? Mama Kanga na vifaranga vyake, hatulii, "Si mimi, si mimi, si mimi," ndivyo alivyozoea kusema akiwa na wasiwasi. Wanne hao. Mtumbwi wa tano mzima haukuwapo. Sange akaingia chini ya mtumbwi mmoja mbovu uliopinduliwa, akatoka anasukuma kata, ile kata ya kibuyu ambayo wavuvi huchotea maji yakiingia mtumbwini. Kafi lake lilikuwa nusu ya ganda la karanga, limefungwa kwenye kijiti.

Nyani alicheka mpaka akashika ukingo wa mtumbwi.

"Mama Sange! Umekuja kupiga kafi au umekuja kunywa uji?"

"Kupiga kafi, kaka."

"Na hilo bakuli?"

"Ndilo lililobaki, kaka."

Mama Ngiri hakucheka. Alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Rudi nyumbani, mdogo wangu. Ningekuchukua, Mungu ananiona, lakini nina hawa wanne. Ukiongeza hata unyoya nachelewa."

"Najua, dada."

"Si roho mbaya."

"Najua, dada. Ningekuwa wewe na mimi ningesema hivyo hivyo."

Moyo wa Sange ulikuwa unaenda du-du-du-du, mtoto mgongoni akadhani anabembelezwa, akalala. Sange akamfuata Nyani.

"Kaka Nyani. Nahodha. Naomba kuuliza."

"Uliza."

"Ukiwa kule mbele, nani anakuona?"

"Wote wananiona!"

"Mama Ngiri anauona mgongo wako. Mzee Nungunungu anauona mgongo wa Mama Ngiri. Mama Kanga anaona miiba. Mimi nauona mkia wa Mama Kanga. Mwezi mzuri namna hii, mabega namna hiyo, nani anayaona?"

Nyani akageuza shingo. Akajiangalia bega. Akaliangalia la pili.

"Kweli," akasema. "Ni hasara."

"Basi wakati wa kurudi ungepinda kidogo, kaka. Kama upinde tu. Ili nasi wa nyuma tukuone kwa ubavu."

"Kwa ubavu," akasema Nyani, akajipapasa mbavu. "Ubavu wangu ndio mzuri zaidi."

"Ndivyo tunavyosikia, kaka."

Wakaondoka.

Jamani, ziwa lile usiku ule! Natamani mngeliona. Maji yamelala kama shuka iliyopigwa pasi, mwezi umemwagika juu yake kutoka pwani hadi pwani, na mitumbwi inapita katikati ya mwanga, mmoja nyuma ya mwingine, kila kafi likiinuka linadondosha matone meupe kama maziwa. Na wimbo! Nyani ana majivuno, sawa, lakini sauti alipewa, tusimdhulumu. Yeye aliita, wote wakaitikia, na makafi yakaingia majini pamoja.

"Kafi!"

— Ingia!

"Maji!"

— Achia!

"Kafi!"

— Ingia!

"Maji!"

— Achia!

Chwapu. Chwapu. Chwapu. Hata aliyekuwa na hofu, mikono yake ilisahau. Na nyuma kabisa, mbali, kwa sauti ndogo kama ya nyenje, kata ya kibuyu ilikuwa inakuja, chwi-chwi-chwi-chwi, mapigo kumi kwa pigo moja la Nyani, na bado inaachwa. Sange hakuacha. Mikono ilimuuma, akapiga. Iliwaka moto, akapiga. Akilini alikuwa na jambo moja tu, nifike kabla hawajaondoka.

Alipofika walikuwa wanaondoka.

Mama Ngiri alikuwa ameshawataja wanne wake. Mama Kanga alikuwa ameshavitaja vifaranga vyake, vyote, kwa pumzi moja. Kila jina liliitikiwa. Mitumbwi ilikuwa inageuka.

"Subirini!" Sange akalia. "Mwanangu bado! Mwanangu hajatajwa!"

"Mwezi ujao!" akajibu Mama Kanga bila kuangalia nyuma. "Anayengoja ni wa mwisho! Si mimi, si mimi, si mimi!"

"Mwezi ujao atakuwa wapi?" Sange akauliza, lakini aliyaambia maji. Akapiga kafi akajishikiza nyuma ya Mama Kanga, akawa mkia wa msafara.

Sasa ndipo Nyani alipoukumbuka ubavu wake.

Akapinda kidogo. Akatazama kwa pembe ya jicho, akaona Nungunungu anamwangalia. Vizuri! Akapinda zaidi, ili hata Mama Kanga amwone. Akapinda zaidi, ili hata Sange amwone, maskini, na yeye afaidi. Waliomfuata walifanya kama walivyozoea, wakamfuata aliye mbele. Kupinda kukazaa kupinda, mpaka, tok! Pua ya mtumbwi wa Nyani ikagusa kitako cha kata ya kibuyu.

"Ala," Nyani akasema. "Nimefika wapi?"

"Umefika mahali pazuri kuliko pote, kaka," Sange akasema. "Usisimame. Piga kafi."

Na kabla Nyani hajajibu, maji yakavimba. Maji yakavimba, yakapasuka, pwaaa! Kichwa kikatoka, kirefu kama gogo, kikaja taratibu mpaka kwenye kata ya Sange, kwa kuwa Mamba alijua tangu pwani mkia wa msafara ni nani.

"Wa mwisho ni wangu," akasema.

Sange alitetemeka mpaka kata ikatoa viwimbi pande zote. Lakini kinywa kilimtii.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wa mwisho ni wangu."

"Ni sheria, mjomba, nani abishe? Na wa mwisho ni yule ambaye nyuma yake hayupo mtu. Au nimekosea?"

"Hujakosea."

"Basi nyuma yangu yupo Nyani."

Mamba akatazama. Kweli, yupo Nyani.

"Samahani, mama mtoto," akasema Mamba, maana alikuwa mtu wa sheria. Akaogelea mpaka kwa Nyani. "Wa mwisho ni wangu."

"Mimi?" Nyani akaruka. "Mimi ni wa kwanza! Tangu babu yangu! Nyuma yangu yupo Mama Ngiri!"

Kweli, yupo. "Samahani, nahodha." Akaenda kwa Mama Ngiri. "Wa mwisho ni wangu."

"Nyuma yangu yupo Mzee Nungunungu."

Kweli, yupo. "Samahani, mama." Akaenda kwa Nungunungu. "Wa mwisho ni wangu."

"Nyuma yangu yupo Mama Kanga," akasema Nungunungu. "Na hata asingekuwapo, karibu, miiba hii hapa."

"Samahani, mzee." Akaenda kwa Mama Kanga. "Wa mwisho ni wangu!"

"Si mimi, si mimi, si mimi! Nyuma yangu yupo Sange!"

Kweli, yupo. Mamba akaogelea, akafika kwenye kata ya kibuyu, akafungua kinywa, akakifunga.

"Wewe tena?"

"Mimi tena, mjomba. Na nyuma yangu yupo Nyani."

Mamba akazunguka mara ya pili. Sange, nyuma yake Nyani. Nyani, nyuma yake Ngiri. Ngiri, nyuma yake Nungunungu. Nungunungu, nyuma yake Kanga. Kanga, nyuma yake Sange. Akazunguka mara ya tatu, mbio zaidi, pengine kuna mtu anajificha. Sange, Nyani, Ngiri, Nungunungu, Kanga, Sange! Maji yakaanza kuzunguka naye.

Nyani akaona nafasi ya kutorokea. Akageuza mtumbwi kuelekea pwani. Sange akamwambia bila kugeuka, haraka haraka, pumzi juu juu, "Kaka, ukichomoka duara linakatika, likikatika lazima mmoja awe mkia, na huyo mmoja ni nani sijui, kafi lako likiteleza mara moja tu anaweza kuwa wewe."

Nyani akayatazama meno ya Mamba yakipita kando. Akarudi kwenye mstari taratibu kabisa.

"Tufanye nini basi, dada?" akauliza. Mnasikia? Dada! Pwani alimcheka yeye na bakuli lake la uji.

"Imba, nahodha. Wewe imba tu."

Nyani akaimba. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, kisha ikakaa. "Kafi!" Ingia! "Maji!" Achia! Mitumbwi minne na kata moja, duara moja, mwezi juu katikati kama kitovu, na Mamba nje anakimbia, anakimbia, "wa mwisho, wa mwisho, wa mwisho." Ndipo Sange alipofanya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria mwili unanisisimka. Aliweka kafi chini. Akasimama ndani ya kata inayoyumba, miguu ile njiti, akamfungua mtoto mgongoni, akamnyanyua juu kwa mikono miwili, juu kabisa, mbele ya macho ya Mamba, mwezi ukamwosha mtoto kuanzia pua hadi mkia.

"Huyu ni mwanangu!" akasema. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa ya kutosha. "Jina lake ni Tangulia!"

— Tangulia! wakaitikia Mama Ngiri na wanne wake.

— Tangulia! wakaitikia Nungunungu, Mama Kanga na Nyani.

— Tangulia! akaitikia na Mamba, maana ukishazoea wimbo kinywa hakiulizi.

Sange akakaa. Akalia kidogo, upesi, kisha akafuta pua. Kazi ilikuwa bado nusu.

Mamba kufikia hapo alikuwa hoi. Macho yalizunguka upande huu, kichwa kilizunguka upande ule. "Simameni," akasema, "simameni niwatazame vizuri…"

"Mjomba," Sange akamwita kwa upole, "unajichosha bure. Sheria uliyoitunga inasemaje? Inasema mkirudi. Sisi hatujarudi, bado tunazunguka. Acha turudi kwa mstari, wewe kaa nyuma yetu sote, uangalie vizuri. Ukiuona mkia wa msafara, ng'ata."

"Hayo ndiyo maneno ya sheria," Mamba akasema, akashukuru kabisa.

"Kaka Nyani, nyoosha."

Nyani akanyoosha kuelekea pwani. Nyuma yake Mama Ngiri, nyuma yake Nungunungu, nyuma yake Mama Kanga. Na nyuma ya Mama Kanga, chwi-chwi-chwi, kata ya kibuyu. Mama Kanga aligeuka safari hii. Akaangalia nyuma, na macho yake yalikuwa mengine.

"Mdogo wangu," akasema, "lakini wa mwisho sasa ni wewe."

"Najua, dada. Piga kafi."

Mama Kanga akapunguza mwendo kidogo. Mbele yake Nungunungu naye akapunguza. Hata Nyani, jamani, Nyani akaiimba Kafi polepole, ili kata isiachwe. Tangu sheria ile itungwe, ilikuwa mara ya kwanza mitumbwi kurudi pwani bila kukimbizana.

Mchanga ulipoanza kuonekana, Sange akasikia pumzi ya moto mgongoni. Akamvuta mtoto kifuani.

"Mama mtoto," ikasema sauti, nzito, inayumba kama ya mlevi. "Sasa hapana duara. Nyuma yako hayupo mtu."

"Yupo, mjomba."

"Nani?"

"Hujamwona? Sisi tumemwona tangu katikati. Mrefu. Mgongo wote magamba. Hana mtumbwi, hana kafi, hata nauli ya wimbo hajatoa, anakuja tu nyuma yetu sote kimya kimya. Anaichezea sheria yako, mjomba. Geuka taratibu, asishtuke."

Mamba akageuka. Kichwa kikageuka, na ziwa likageuka, na mwezi ukageuka, na katika kugeuka huko akaona kweli, pale nyuma, nyuma ya kila kitu, mtu mrefu, mgongo magamba, anatikisa maji.

"Wee!" akanguruma. "Wa mwisho ni wangu!"

Akamrukia. Yule akakwepa. Akageuka zaidi, yule naye akageuka.

"Anakimbia! Ana hatia huyu!"

Akakusanya nguvu zote, akajikunja, akafumba macho, ngap!

"Yalaaa!" Mamba akalia kwa meno yaliyofungwa. "Nimemkamata! Lakini naye ananing'ata!"

"Mwachie, mjomba!" Nyani akapiga kelele kutoka mchangani, anagaagaa kwa kicheko.

"Simwachii! Sheria ni sheria!"

Na kweli hakumwachia. Wote walishuka salama, wakamwacha pale anazunguka, mkia mdomoni, na mahali pale maji yanazunguka mpaka kesho. Wavuvi hupapita kwa mbali. Wanasema ni mkondo.

Asubuhi yake Sange alikuwa anafagia njia yake. Hakuwa amelala, msidhani alibadilika, kivuli cha jani bado kilimshtua. Mtoto alikuwa mbali kidogo, upande wa pili wa kichuguu, anachokoa mchwa kwa pua. Kivuli kikapita. Hakikuwa cha jani.

"Kwa! Kwa! Kwa!" Hondohondo akaanza kuita kutoka mti mkavu, jina kwa jina, wanne wa Ngiri, vifaranga vya Kanga, na katikati ya majina hayo, wazi kabisa, "Tangulia! Tangulia!"

Mtoto akainua pua. Akasikia ni yeye. Tiki-tiki-tiki-tiki, akaifuata njia iliyofagiwa mara nne kwa siku, isiyo na hata kijiti, akaingia shimoni pua kwanza, mbele ya watoto wote. Mama yake akaingia nyuma yake, wa mwisho, akaziba mlango kwa mgongo wake.

Haya. Mnataka funzo, najua, mnanitazama. Funzo ni hili, wanangu, lishikeni. Msiwe wa mwisho hata siku moja, wa mwisho hana bahati. Mwoga akae nyumbani, safari ni za wenye mabega. Njia inyooke, kuzunguka-zunguka hakujamfikisha mtu popote. Na zaidi ya yote, tiini sheria kama Mamba. Aliitunga yeye, ikamshika yeye, na hakuiachia.

Hadithi nimeivusha!

— Tumeipokea!

Mtumbwi nimeufunga. Aliyeupenda, mwezi ujao apande; asiyeupenda, aogelee.

Na wewe wa nyuma, sasa umeamka? Njoo, njoo ukae hapa mbele.